Nyumba ya familia, Tabata: shajara ya kuiandaa kwa wapangaji

Juni 3. Orodha ya vituko

Nyumba kubwa ina vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, choo na bafu la ndani. Uani kuna vyumba viwili vyenye choo cha nje. Kuta ni tofali za simenti za inchi 6, bati ni la geji 30, LUKU (mita ya umeme ya kulipia kabla) ni moja, mita ya maji ni moja, na karo (shimo la majitaka) ni moja. Mpango ni familia moja ipange nyumba kubwa, na kila chumba cha uani kipate mpangaji wake. Masika yameisha, vuli haijafika, kwa hiyo kuna miezi kama mitatu ya ukavu. Kazi ya nje yote iishe humo.

Nyumba iliyokaliwa na watu walewale miaka mingi huwa na vituko ambavyo hawavioni tena. Mlango wa jikoni unanyanyuliwa kidogo ndipo ufungike. Koki ya tangi inafungwa usiku kabla maji ya mtaani hayajakatika. Pasi haichomekwi mtu akiwa anaoga. Swichi ya taa ya korido haiguswi kwa mkono wenye maji. Mpangaji hajui hata kimoja, na hana sababu ya kujifunza. Kwa hiyo kanuni ya kazi hii ni hii: kitu chochote kinachohitaji maelezo ndipo kitumike, kinahesabiwa kibovu. Tulizunguka na daftari, kila "hapo fanya hivi" ikaandikwa. Zimefika 23.

Juni 5–7. Paa

Tunaanzia juu, maana rangi ikipigwa chini ya paa linalovuja ni hela ya kutupa. Alama za maji kwenye silingi zilikuwa tatu, lakini alama haionyeshi tundu lilipo. Maji huingia chini ya bati, yakafuata papi (mbao zinazobeba bati), yakadondoka mita moja au mbili mbele. Njia ya kulipata ni mpira wa maji: mmoja juu ya paa, mwingine ndani ya dari na tochi. Unaanza kumwagia kwenye ukingo wa chini, dakika 10 kila sehemu, ndipo unapanda. Ukianzia juu kwenye kofia (bati la kileleni), maji yanateremka na kupita matundu yote, na hutajua lipi ndilo.

Chanzo kilikuwa misumari iliyopigwa bondeni badala ya mgongoni mwa bati. Bondeni ndiko maji yanakopita, na mpira wa msumari ukishakauka na jua, tundu liko wazi. Tumeng'oa 36, matundu tumeyaziba kwa kiraka cha bati na silikoni ya nje, na skrubu mpya zenye mpira zimepita mgongoni. Kofia imenyanyuliwa kwa urefu wa mita 4 na kulazwa upya, kila kipande kikilalia chenzake kwa sentimita 15. Vipande viwili vya silingi vimebadilishwa. Matawi ya mwembe yaliyokuwa yakipiga bati yamekatwa hadi mita 2 kutoka paani.

Juni 9. Ukuta wa chumvi

Huu umefunguliwa mapema si kwa sababu ni mkubwa, ila kwa sababu unahitaji muda wa kukauka ambao hakuna fundi anayeweza kuuharakisha. Ukuta wa mbele wa sebule, upande wa bustani, rangi imevimba malengelenge hadi usawa wa paja, na ukipitisha kiganja unabaki na unga mweupe. Umepakwa rangi mara nyingi kuliko kuta nyingine zote, na kila safari umerudia.

Kwanza tuliuliza kama unyevu unatoka ukutani au hewani. Kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 kilibandikwa kwa gundi ya karatasi pande zote nne kikaachwa saa 48. Matone yalikaa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta. Yangekuwa juu ya nailoni, tatizo lingekuwa jasho la chumba na dawa yake ingekuwa dirisha.

Tukachimba nje. Nyumba ilipojengwa, nailoni ya kuzuia unyevu ilitandikwa juu ya msingi, kozi mbili kutoka ardhini, ipasavyo. Lakini ua umeinuliwa kidogo kidogo, mara kifusi baada ya mafuriko, mara udongo wa maua, mara zege la kupita miguu. Sasa ardhi ya nje iko sentimita 18 juu ya ile nailoni. Maji yanaingia kwenye tofali juu ya kizuizi, kana kwamba hakipo, yanapanda na chumvi ya udongo na mchanga, yanakaukia ndani ya sebule, na chumvi inabaki ikitanuka nyuma ya rangi. Hakuna rangi wala kemikali ya dukani inayoshinda hilo bila kushusha udongo.

Kazi: mfereji wa upana wa sentimita 60 urefu wote wa ukuta, udongo umeshushwa hadi sentimita 15 chini ya nailoni, maua yamehamishiwa kwenye uzio. Chini ya mfereji zege jembamba lenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, likikimbiza maji mbali na nyumba. Ndani, lipu imepigwa nyundo na kubanduliwa hadi mita 1.2, yaani sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Chumvi imefagiliwa kwa brashi kavu. Fundi msaidizi alikuja na ndoo ya maji aioshe. Akazuiwa, maana maji huirudisha chumvi ndani ya tofali. Madirisha wazi, feni, wiki nne.

Juni 14–20. Maji

Hapa ndipo penye kituko kikubwa kuliko vyote, ile koki ya usiku. Tangi la lita 1,000 liko juu ya mnara wa mita 3, na bomba moja tu linaingia chini yake. Bomba hilohilo linapandisha maji ya mtaani na hilohilo linashusha maji ndani. Hakuna nonritani, vali inayozuia maji yasirudi nyuma. Presha ya mtaani ikishuka, maji ya tangi yanarudi barabarani yalikotoka, ndiyo maana lazima mtu aamke kufunga. Mpangaji asiyeambiwa angeamka na tangi tupu, akadhani mgao umekuwa mkali.

Mfumo mpya umepangwa hivi. Kutoka mita kuu, bomba linagawanyika mara mbili, na kila tawi lina mita yake ndogo ya inchi nusu, nonritani na koki. Tawi la kwanza linajaza tangi jipya la lita 2,000 lililo chini, kwa sababu maji ya mtaani yanafika ardhini siku nyingi lakini mnarani hayafiki. Pampu ya nusu hosipawa inapandisha kwenye lile la lita 1,000. Tawi la pili linajaza tangi la lita 1,000 la uani, juu ya kitako cha tofali cha sentimita 60, urefu unaotosha ndoo kukaa chini ya koki. Uani hakuna pampu, kwa hiyo hakuna ugomvi wa umeme wa pampu.

Vipimo vya matangi havikubahatishwa. Nyumba kubwa watu 5 kwa lita 60 kila mmoja ni lita 300 kwa siku, kwa hiyo lita 3,000 za matangi yake mawili ni siku 10 bila maji ya mtaani. Uani watu 4 kwa lita 50 ni lita 200, lita 1,000 ni siku 5. Lita 2,000 ni tani 2 za uzito: mnara ule wa tofali za inchi 6 usio na mkanda wa zege haukujengwa kuzibeba, hata kama kuna fundi atakayeapa kwamba unaweza.

Mita ndogo mbili zina faida nyingine zaidi ya kugawana bili. Funga koki zote za nyumba, matangi yakiwa yamejaa. Mita kuu ikiendelea kuzunguka huku ndogo zimesimama, uvujaji uko kati yao. Ikizunguka pamoja na mojawapo, uko upande huo.

Kila tangi lina boya lake na chujio kabla ya boya. Bila chujio, chembe moja ya mchanga inakaa kwenye kiti cha boya na tangi linafurika usiku kucha. Bomba la kufurikia ni la inchi moja, kubwa kuliko la kuingizia, na limeelekezwa penye kuonekana: la nyumba kubwa linamwagikia mbele ya mlango wa jikoni. Mafundi wengi hulielekeza kwenye chemba ili ua usilowe. Ua usipolowa hakuna anayejua, bili inapanda miezi mitatu kabla mtu hajauliza. Acha ulowe.

Pampu ina floti swichi mbili zilizofungwa kwa mfuatano. Ya juu inaizima tangi likijaa, ya chini inaikataza kuwaka tangi la chini likiwa tupu. Ya pili ndiyo inayorukwa ili kupunguza gharama, na pampu iliyozunguka kavu huunguza sili ndani ya muda mfupi. Kujaza lita 1,000 kumechukua dakika 30, kama robo yuniti ya umeme.

Presha dhaifu ya sinki la jikoni tulidhani ni ya mnara. Tukakata kiungo kimoja cha PPR (bomba la plastiki la kuchomelea) cha milimita 20 kwa msumeno, tukakiinua kwenye mwanga. Nje kimekaa kizuri, hakina hata kovu. Ndani, plastiki iliyoyeyuka imejikunja kama mdomo na kuacha tundu la kupitisha penseli tu. Aliyechomelea alishikilia bomba kwenye mashine muda mrefu mno. Kwa nyuzi 260, bomba la milimita 20 linahitaji sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha linasukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Viungo 11 vimerudiwa. Baada ya hapo mtambo wa kupimia ulipandishwa hadi bar 6 kwa nusu saa, sindano haikutikisika. Mabomba yaliyo nje yamevishwa bomba kubwa zaidi na kupakwa rangi, kwa kuwa jua huyafanya yakatike kama chaki.

Juni 24. Karo

Kifuniko cha karo hakikuonekana. Kilikuwa chini ya bustani ya mchicha. Mzee alijua, "hatua sita toka kwenye mwembe," na hicho nacho ni kituko kilichoingia kwenye orodha.

Kipimo ni fito ndefu iliyofungwa kitambaa cheupe mita ya mwisho. Inazamishwa taratibu hadi chini, inaachwa dakika chache, inatolewa. Tope linaacha doa jeusi, maji yanaacha doa jepesi. Tope likifika theluthi ya kina, karo linanyonywa. Letu lilikuwa limekaribia nusu. Gari limekuja, linafaa kuitwa kiangazi, kwa sababu wakati wa mvua maji ya ardhini yanapanda na unalipia kunyonya maji ya mvua.

Kifuniko kipya ni vipande viwili vya sentimita 60 kwa 30, unene sentimita 7.5, nondo za milimita 8, na vishikio. Kila kipande ni kilo kama 32, mtu mmoja anakinyanyua. Kingekuwa kimoja kingekaribia kilo 65 na kisingefunguliwa mpaka siku ya aibu. Bomba la inchi 4 kutoka choo cha uani lilikuwa limelala karibu bapa. Limefukuliwa na kupewa mteremko wa sentimita 2.5 kwa mita. Mzizi wa mwembe uliokuwa umeingia kwenye chemba umekatwa, na kiungo kilichopasuka kimebadilishwa.

Julai 1–6. Umeme

LUKU moja kwa kaya tatu ni ugomvi uliopangiwa tarehe. Mmoja ananunua, mwingine anapika kwa jiko la umeme, wa tatu amesafiri. Kuna pia hesabu ambayo watu wengi hawaioni. Mteja wa nyumbani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi yuko kwenye kundi la matumizi madogo, kama shilingi 122 kwa yuniti pamoja na tozo. Kundi la kawaida ni kama shilingi 356. Vyumba viwili vya uani vinavyotumia yuniti 60 vingelipa 7,320 kwa mita yao ikikubaliwa kwenye kundi hilo. Vikichangia mita ya nyumba kubwa, yuniti zilezile 60 ni 21,360. Ombi la mita ya pili limetumwa TANESCO kwa NIKONEKT, mfumo wake wa maombi ya mtandaoni, na mkandarasi aliyesajiliwa amesaini kazi ya waya. Mita mbili kwenye eneo moja zina jambo lake: kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kama zote mbili zitakatwa kwa jengo lilelile, namba zake zipelekwe TRA (mamlaka ya mapato) ili ibaki moja.

Kabla ya kutenganisha, kila saketi ilipimwa kwa mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama waya unavujisha umeme. Kiwango cha chini ni megaomu 1. Taa za uani zilisoma 0.3. Kwenye dari kulikuwa na viungo vilivyosokotwa na kufungwa utepe, vimelowa na lile paa. Vimehamishiwa kwenye maboksi yenye vibano, zikasoma juu ya 50.

Kosa linaloharibu kazi za kugawa mita ni nyutro, waya wa kurudishia umeme. Mafundi huhamisha waya moto wa uani kwenda mita mpya na kuacha nyutro ya pamoja, kwa kuwa taa zinawaka. Umeme unatoka mita moja na kurudi kwa nyingine; RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) inaanguka bila sababu inayoonekana, na mita ya LUKU inaweza kujifunga ikidhani imechezewa. Nyutro mbili zilizochanganyika zilipatikana nyuma ya swichi ya taa ya nje, zikatenganishwa.

Hita ya bafuni imeondolewa. Ni ya wati 5,500; gawa kwa volti 230 upate ampia 24, na ilikuwa imefungwa kwenye waya wa milimita 2.5 unaolisha pia soketi za korido. Hiyo ndiyo siri ya pasi. Ingehitaji waya wake wa milimita 4 kutoka kwenye boksi na breka ya ampia 32. Zaidi ya hapo, hita za namna hii huhitaji maji yashuke walau mita 1 ndipo ziwake, na kutoka mnarani hadi kwenye hita ni hiyohiyo mita 1 bila akiba. Kwa joto la Dar, anayeitaka atapasha sufuria.

Mengine kwa ufupi: RCD ya miliampia 30 kwa kila upande, breka za ampia 10 kwa taa na 20 kwa soketi, nondo ya pili ya asi (ya kupeleka umeme uliovuja ardhini) ya futi 4, mita 2 kutoka ya kwanza, swichi ya korido mpya. Kila breka ina kibandiko cha Kiswahili: SOKETI SEBULE, PAMPU, TAA NJE.

Julai 9–11. Kurudi ukutani

Wiki nne zimetimia. Nailoni imebandikwa tena saa 48, imetoka kavu. Lipu mpya ni simenti moja kwa mchanga nne. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo mchanga ni lita 140, ndoo 7 za lita 20, na kemikali ya kuzuia maji kwa kipimo cha kwenye chupa. Mchanga ni wa mtoni, uliochekechwa. Wa baharini una chumvi, na ungeturudisha pale pale. Kwa unene wa milimita 15, mfuko mmoja umetosha mita za mraba 9. Lipu imemwagiliwa asubuhi na jioni siku 7. Rangi yake itasubiri hadi mwisho, na itakuwa ya maji. Rangi ya mafuta kwenye ukuta huu ingeufungia unyevu uliobaki, malengelenge yakarudi kabla ya Krismasi.

Julai 14. Milango

Mlango wa jikoni ulishuka kwa sababu bawaba zilikuwa mbili. Imeongezwa ya tatu, skrubu zimehamishiwa kwenye mbao isiyo na matundu, na ukingo umepigwa randa milimita 4. Vitasa vyote vya nje vimebadilishwa. Funguo za nyumba ya familia zina wajukuu: ziko kwa shangazi, kwa dada wa kazi wa zamani, kwa jirani wa dharura. Hakuna wa kulaumiwa, lakini mpangaji anastahili mlango ambao yeye tu ana ufunguo wake.

Nyavu za mbu mpya madirisha 9. Fremu ya dirisha la stoo ilikuwa na mchwa. Imetolewa yote, udongo wa chini umemwagiwa dawa, na fremu mpya imepakwa dawa kabla ya kupachikwa, pamoja na ncha zilizokatwa, ambako ndiko mchwa huanzia.

Julai 18–25, kisha Agosti 8. Rangi

Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 chenye kimo cha 2.7, ukiondoa mlango na dirisha, kina ukuta wa mita za mraba 34. Mikono miwili ni 68. Lita moja hufunika kama 10, hivyo lita 7 kwa chumba, na ndoo ya lita 20 inakaribia vyumba vitatu. Rangi moja kwa nyumba nzima, na namba yake imeandikwa ndani ya mlango wa kabati, ili kiraka cha mwaka ujao kisionekane. Korido na jiko vina rangi ya mafuta hadi mita 1.2 kutoka sakafuni, kwa ajili ya mikono na vyombo. Ukuta wa sebule umepigwa wa mwisho, Agosti 8.

Julai 28. Chumba cha familia

Kulikuwa na hoja ya kufunga chumba kimoja chenye makabati, masanduku na picha za ukutani, familia ichukue vitu vyake ikihitaji. Imekataliwa. Chumba kilichofungwa ndani ya nyumba ya mtu kina maana kila anayekuja "mara moja tu" anapita sebuleni kwake, na siku kitu kitakapopotea hakuna atakayejua kilipotea lini. Hakuna anayesafisha humo pia. Panya na mchwa huanzia hapo. Vitu vimegawanywa: vinavyohama, vinavyouzwa, na vichache vinavyobaki kwa maandishi, yaani kabati la jikoni na mapazia ya sebuleni. Hati, vyeti na picha vimetoka vya kwanza.

Mwembe nao umejadiliwa kwa dakika nyingi kuliko nondo za asi. Uamuzi: maembe ni ya mpangaji wa nyumba kubwa, kukata matawi ni kwa mwenye nyumba, kila Septemba.

Agosti 2–6. Karatasi

Hati ina jina la mume. Nyumba ni ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwenzi mmoja kuipangisha bila ridhaa ya mwingine. Kwa hiyo mama amesaini ridhaa, si kama shahidi. Pale ambapo mwenye hati amefariki, anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, akiwa na barua yake. Ikiwa ni Mahakama ya Mwanzo, ni fomu namba 4. Mtoto mkubwa hana mamlaka hayo kwa ukubwa wake tu. Wapangaji wengi hawaulizi. Wanapojua ni pale mrithi mwingine anapokuja kudai kodi mara ya pili.

Mikataba ni mitatu, mmoja kwa kila kaya. Kodi ya miezi sita mbele, amana ya mwezi mmoja inayoandikwa kando na kodi. Hesabu ya mfano kwa nyumba kubwa ya 600,000 kwa mwezi: mwaka ni 7,200,000. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 ni 72,000. Kodi ya zuio ya pango, asilimia 10, ni 720,000, na mzigo wake ni wa mwenye nyumba hata pale mpangaji anapoizuia mkononi mwake. Ukipanga kodi bila kuitoa hiyo kwanza, faida unayoiona si yako yote.

Vifungu vilivyotupa kazi ni vya matengenezo. "Mpangaji atatunza nyumba" hakisemi kitu. Kwa hiyo tumeorodhesha: balbu, mipira ya koki na kuzibua sinki ni mpangaji; paa, waya za ndani ya ukuta, pampu, mabomba yaliyofukiwa na karo ni mwenye nyumba; chujio la boya linasafishwa na mpangaji kila miezi mitatu. Notisi ya kuingia kukagua ni saa 48.

Dalali hulipwa mwezi mmoja wa kodi. Hapewi ufunguo. Anapiga simu, mtu anakuja kufungua. Dalali mwenye ufunguo huonyesha nyumba hata baada ya kupangishwa. Kila mpangaji anatoa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na kutambulishwa kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kuhamia, si baada.

Agosti 10–11. Mgeni

Jaribio la mwisho. Mtu asiyewahi kulala kwenye nyumba hii amepewa funguo, ndoo ya nguo za kufua na chakula cha kupika, akaachwa saa 24 bila maelezo yoyote. Akitaka kuuliza, anaandika badala ya kupiga simu. Ameandika maswali manne.

Kwa nini choo kinahitaji kuflashiwa mara mbili? Boya la tangi la choo lilikuwa limewekwa chini mno. Limepandishwa sentimita 4. Taa ya nje inazimwa wapi? Swichi ilikuwa nyuma ya mlango, haionekani mlango ukiwa wazi, imehamishwa. Nguo zinaanikwa wapi? Kamba za zamani zilikuwa zimefungwa kwenye tawi tulilolikata Juni. Nguzo mbili za bomba zimesimikwa. Sauti ya mngurumo usiku ni nini? Pampu. Ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye zege lililoshikana na ukuta wa chumba cha watoto. Sasa imekaa juu ya vipande vya tairi, na kiungo cha mpira kimewekwa kati yake na bomba.

Agosti 17. Makabidhiano, nyumba kubwa

Picha 64, kila ufa ukiwa na futikamba pembeni. Funguo 7 zimesainiwa. Mita kuu ya maji, mita ndogo mbili na yuniti za LUKU zilizobaki zimeandikwa mbele ya pande zote na kupigwa picha. Kitufe cha majaribio cha RCD kimebonyezwa, umeme ukakata, ukarudishwa. Fomu ya ukaguzi ina kurasa tatu, nakala mbili. Mpangaji aliuliza swali moja, la mwembe, akaonyeshwa kifungu chake.

Uani bado: mita ya pili ya LUKU haijafungwa. Vyumba havitangazwi mpaka ifungwe.